Koti zito, jasho jingi, na baridi palepale: mavazi ya baiskeli kwa asubuhi za Dodoma

*"Shikamoo kocha. Naishi Kisasa, Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa kwanza wa baiskeli ya barabarani. Jumamosi tunatoka kikundi saa 11:30 alfajiri, ama kwenda Chamwino na kurudi, ama kushika barabara ya Singida hadi Bahi. Tangu Juni iingie napata tabu. Dakika 20 za kwanza natetemeka na vidole vinakufa ganzi. Nikanunua koti zito la mtumba pale soko la Sabasaba, kama wanayovaa bodaboda, ndani navaa sweta na fulana ya pamba. Baada ya muda nalowa chapachapa. Nikifungua zipu upepo unanipiga, napoa kuliko mwanzo. Ikifika saa tatu jua limewaka, koti ni mzigo. Mama ananiambia niache kabla sijapata nimonia. Mwezi ujao tunataka kufika Manyoni na kulala huko, na mvua za Desemba nazo zinakuja. Nina shilingi 100,000 ya nguo. Nianze na nini? Na hii ganzi ya vidole ni hatari?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu karibu umelitoa mwenyewe bila kujua. Soma tena maneno yako: mwanzo unatetemeka ukiwa mkavu, baadaye unatetemeka ukiwa umelowa. Hizo ni baridi mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake. Koti lako linatibu ya kwanza na ndilo linalozaa ya pili. Wengi wanaoanza mchezo huu hapa kwetu huishia kudhani miili yao haiwezi baridi, wanaacha kabisa hadi Septemba, kumbe shida ni nguo.

Tuanze na hiyo alfajiri yenyewe. Dodoma ipo juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe anga huwa wazi na hewa kavu. Usiku usio na mawingu ardhi hutoa joto lake lote juu, hakuna cha kulizuia. Ndiyo maana mchana wa Julai unaweza kufika nyuzi 26 na alfajiri ikashuka hadi 13 au 14, na mabondeni chini ya hapo. Watu hudhani baridi kali ni ya usiku wa manane na kwamba kuelekea kucha inapungua. Ni kinyume. Ardhi inaendelea kupoa mpaka jua lichomoze, na mwezi huu linachomoza kama saa moja kasoro robo. Kwa hiyo mkitoka saa 11:30 mnaendesha kuelekea kwenye dakika za baridi kuliko zote, na ile robo saa ya jua la kwanza bado haijakusaidia kitu. Mkichelewa nusu saa tu mtaona tofauti, na mtapunguza muda wa kuwa gizani na malori ya barabara ya Morogoro. Ningekuwa na kundi lenu ningelisukuma hilo kwanza kabla ya kununua nguo yoyote.

Sasa mwili wako. Ukiwa umekaa unasubiri wenzako, mwili unatoa joto la kama wati 100. Ukishika mwendo wa kawaida wa kundi, misuli inageuza sehemu ndogo tu ya nguvu kuwa mwendo wa baiskeli, karibu robo au pungufu, na iliyobaki yote inakuwa joto. Mtu anayekanyaga kwa wati 150 anazalisha zaidi ya wati 450 za joto. Yaani ndani ya dakika 15 au 20 unabadilika kutoka mtu wa kutafuta blanketi kuwa mtu anayetakiwa kumwaga joto haraka. Nguo iliyokufaa ukiwa umesimama Kisasa haiwezi kukufaa ukiwa umepita Ihumwa. Ukiondoka nyumbani ukiwa umeshaona raha, ujue umevaa kupita kiasi. Kipimo changu kwa wanaoanza ni hiki: ukiwa umesimama unasubiri kuondoka, uone kijibaridi cha kukufanya utamani safari ianze, ila usiwe unatetemeka.

Joto likizidi, mwili unatoa jasho. Jasho si adui, ndilo linalokupoza, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kuvuja kidogokidogo na kukauka kwa nje. Lita moja ya jasho ikikauka kwenye ngozi inaondoka na kilokalori zaidi ya 500 za joto. Tabu inaanza pale jasho linapokosa njia ya kutoka. Koti lako halipitishi hewa, sweta na fulana ya pamba vinanyonya yale maji na kuyashika. Pamba ikishalowa inagandana na ngozi na haikauki upesi. Hapo unafungua zipu, upepo wa kilomita 30 kwa saa unaingia wote kwa mkupuo, na maji yaliyokusanyika kwa nusu saa yanaanza kukauka kwa pamoja. Zaidi ya hapo, maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo hata yale yasiyokauka yanakunyonya. Ukihisi umepoa kuliko mwanzo, ni kweli umepoa kuliko mwanzo.

Nataka niwatendee haki bodaboda, maana si kwamba wanakosea. Yeye amekaa, hakanyagi, mwili wake unatoa joto lilelile la mtu aliyekaa huku upepo ukimpiga. Koti zito kwake ni sahihi kabisa. Tena angalia wanavyolivaa: wengi huligeuza, mgongo wa koti ukawa kifuani na zipu ikawa nyuma. Wamegundua kwamba upepo unatoka mbele tu. Hilo ndilo la kuiga kwao. Mwendesha baiskeli anahitaji kitu cha kuzuia upepo kifuani na tumboni, na mgongo wa kupumua. Uzito wa kitambaa mwachie mwenye pikipiki.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, nalo linaeleza kwa nini safari zako mbili hazifanani. Upepo wa msimu huu kwetu unatoka mashariki na kusini-mashariki, na kwa kawaida unaongezeka jua linavyopanda. Mkienda Chamwino mnakwenda nao uso kwa uso, mkirudi unawasukuma. Mkienda Bahi ni kinyume chake: unawasukuma mkienda, halafu njia inateremka, kwa hiyo mnakimbia na hewa inayowazunguka ni kama imetulia. Mtu anatoa jasho bila kulihisi. Mkigeuka, upepo wa kilomita 20 ukijumlisha mwendo wenu wa 20 unakuwa 40 kifuani, na nguo imeshalowa. Basi siku ya Bahi punguza nguo mapema kuliko unavyoona haja, ili ufike kwenye kugeuka ukiwa mkavu. Siku ya Chamwino anza umejifunga vizuri, na ukigeuka pale ndipo uvue.

Tuingie kwenye nguo zenyewe. Karibu na ngozi vaa fulana nyepesi ya kubana ya polista, ile ya kuteleza kidogo wanayovaa wachezaji wa mpira chini ya jezi. Kazi yake si kukupa joto. Kazi yake ni kuondoa jasho kwenye ngozi na kulisambaza nje likauke. Sufu nyembamba laini ni bora zaidi, kwa kuwa huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu na hainuki haraka, lakini hapa Dodoma kuipata ni bahati ya mtumba, usiifanyie safari. Juu yake jezi ya baiskeli ya kawaida ya mikono mifupi, yenye mifuko mgongoni. Hiyo mifuko ndiyo kabati lako la safari nzima.

Halafu vitu viwili ambavyo ningekupa mimi kama ningekuwa na uwezo wa kukupa viwili tu. Cha kwanza ni kizibao cha upepo: hakina mikono, kifuani kina kitambaa chepesi kisichopitisha upepo, mgongoni kina wavu, na kikikunjwa kinaingia mfuko wa jezi. Cha pili ni mikono ya kuvaa na kuvua, ile soksi ndefu ya mkononi kuanzia kifundo hadi karibu na bega. Ukivaa hivyo viwili juu ya jezi una nguo ya baridi. Ukivitoa una nguo ya mchana. Huhitaji kusimama na kubeba koti begani hadi saa nne. Ile mikono mwanzo unaisukuma chini hadi kifundoni, unaona hewa inaingia, ukipoa unaipandisha. Na jua la mchana linapochoma, ikiwa ni myepesi, irudishe ikukinge ngozi. Hewa yetu kavu huficha ukali wa jua hadi jioni mtu anapooga ndipo anajua ameungua. Kizibao usikivue ukiwa katikati ya kundi na barabara ina malori. Fungua zipu tu, mengine yasubiri mkisimama.

Msingi wa matumizi ni kuwahi. Fungua zipu kabla jasho halijalowesha fulana, yaani pale unapoanza kuhisi joto usoni na mgongoni. Na funga zipu kabla ya mteremko au kabla ya kugeukia upepo, usisubiri utetemeke. Mwenye kusubiri daima anafuata nyuma ya hali ya hewa.

Sabasaba na Majengo utapata karibu vyote hivi kwenye mitumba, kwa kuwa wauzaji wengi hawajui ni nguo za nini na wanavichanganya na za mazoezi. Usibebwe na chapa. Weka kitambaa cha kifuani mdomoni upulize kwa nguvu: pumzi ikitoka upande wa pili kirahisi, hicho hakizuii upepo. Puliza na mgongoni, pale pumzi inatakiwa ipite. Dondoshea fulana tone la maji: likisambaa upesi ni dalili nzuri, likikaa kama shanga fulana hiyo haitanyonya jasho lako. Vuta mpira wa kwenye mikono uone kama unarudi, maana mpira uliochoka utakuwa unavuta mkono kila kilomita. Chagua rangi inayoonekana. Unatoka gizani, na koti jeusi linakufuta barabarani. Weka kitu cha kuakisi mwanga kwenye kifundo cha mguu au nyuma ya kiatu, kwa sababu kinachopanda na kushuka dereva hukitambua upesi kuwa ni mwendesha baiskeli. Hata hivyo taa nyekundu ya nyuma haina mbadala.

Bukta yenye sponji nunua mpya hata kama ni ya bei ya chini, na usivae chupi ndani yake. Sponji ya mtumba imeshabonyea kwa makalio ya mtu mwingine na usafi wake ni mashaka.

Magoti. Waendesha baiskeli wengi wa zamani wanasisitiza kuyafunika chini ya nyuzi 18 hivi. Nitakwambia ukweli: hayo ni mazoea zaidi kuliko uthibitisho, hakuna anayeweza kukuahidi kwamba goti wazi litaumwa. Lakini goti halina nyama wala mafuta ya kulikinga, na liko mbele kabisa kwenye upepo, hivyo wengi huona linalainika vizuri likifunikwa. Kama hutaki kutumia hela hapo, kanyaga gia nyepesi kwa robo saa ya kwanza. Hilo lina faida kuliko kitambaa.

Kichwani, kofia nyembamba au skafu ya kuvuta chini ya helmeti, iliyofunika masikio, inatosha; hakikisha helmeti bado inakaa sawa na mikanda inabana. Miguuni usiongeze soksi nene ndani ya kiatu kilekile. Kiatu kikibana damu haipiti, na mguu unapoa zaidi ya ulivyokuwa na soksi moja. Ziba matundu ya mbele ya kiatu kwa utepe wa gundi ukitoka, uibandue jua likichomoza. Na usisahau dawa ya kale ya waendesha baiskeli wa milimani katika Tour de France, yale mashindano makubwa ya Ufaransa: kurasa mbili tatu za gazeti chini ya jezi, kifuani. Gazeti linazuia upepo, linanyonya jasho kidogo, na mkifika kijijini unalitoa. Nailoni usiweke kamwe, itakurudisha kwenye shida ya koti.

Vidole nimeviacha nyuma kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo nahitaji uniangalilie jambo. Mwili ukiona kifua kinapoa unapunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa glavu nene na vidole vikabaki vya barafu: kizibao kifuani kinapasha vidole kuliko glavu ya pili. Kama ganzi yako ni ya vidole vyote, mikono yote miwili, na inaisha mwili ukipata moto, basi ni baridi tu. Vaa glavu nyepesi za vidole virefu na ufunike kifundo cha mkono.

Lakini kama ganzi imekaa kidole cha mwisho na cha pete, na inakuja hata saa nne jua likiwa kali, hiyo si baridi. Kuna mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole kidogo kwenye kiganja, na ukiegemea hendeli muda mrefu unaubana. Kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata ni mshipa mwingine, kisa kilekile. Dawa yake ni kubadilisha mahali unaposhika kila dakika chache, kunyoosha kifundo, na kumwomba fundi au mzoefu aangalie kama kiti na hendeli vinakulazimisha kuinama sana. Kuna na aina ya tatu: vidole vinageuka vyeupe au vya kijivu na mpaka unaoonekana wazi, kisha buluu, kisha vinarudi vyekundu vikiuma. Ukiona hivyo, hata mara moja, au ganzi ikibaki siku ya pili, au ukaanza kudondosha vitu, nenda ukaonwe na daktari. Nguo haitatui hilo.

Manyoni. Kwenda sina wasiwasi nako. Bahi iko chini kuliko Dodoma na mtafika pakiwa pameshapata joto, halafu baada yake mtaupanda ukingo wa Bonde la Ufa polepole, ambapo utavua kila kinachovuliwa. Wasiwasi wangu ni asubuhi ya kurudi. Mtaamka juu, hewa ni ya baridi, mtaendesha kidogo kisha mtaanza kuteremka. Kwenye mteremko hukanyagi, yaani joto lako linashuka, na wakati huohuo upepo unapanda hadi kilomita 50 kwa saa. Ni mahali pabaya kuliko pote katika safari hiyo, na vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki vizuri. Simameni juu, kabla ya mteremko, vaeni kila mlichonacho, gazeti kifuani, zipu hadi shingoni. Fulana ya ndani uliyoendea usiivae ikiwa na unyevu. Beba ya pili kavu. Nguo hizo jioni zifueni na kuanika mara tu mnapofika, hewa kavu ya huko itazikausha.

Mvua ni habari tofauti na usiichanganye na kipupwe. Za kwetu huanza Desemba hadi Aprili, jumla milimita 570 hivi kwa mwaka, na nyingi huja kama dhoruba ya muda mfupi katikati ya siku za joto. Usinunue koti la mvua zito. Hata lile zuri linalosemekana linapumua, ukikanyaga kwa nguvu utalowa kwa ndani. Kwa mvua ya nusu saa katika nyuzi 25, lowa tu, ila uwe na kizibao, kwa sababu upepo unaotangulia dhoruba hushusha joto kwa ghafla na ndio utakaokutetemesha. Fulana kavu iliyofungwa vizuri mfukoni inakuokoa kuliko koti. Radi ikiwa karibu, acheni ubishi wa kumaliza njia: ingieni ndani ya nyumba au gari, msijikinge chini ya mti.

Kuhusu shilingi 100,000 zako: kama taa ya nyuma huna, inatangulia. Baada yake kizibao, kisha mikono ya kuvaa, kisha fulana ya polista, kisha glavu. Ukichagua kwa subira kwenye mitumba zinakutosha na chenji ikabaki. Bukta ikichoka ndipo ufikirie mpya. Koti liuze, au mpe bodaboda wako.

Mama yako mpe salamu, na usimbishie kwa dharau. Nimonia inaletwa na vimelea, bakteria na virusi, haitokani na upepo wa kifuani. Ila hofu yake haikutoka hewani: hewa baridi na kavu ikivutwa kwa kasi hubana njia za hewa kwa baadhi ya watu, hasa wenye pumu, na vumbi la msimu huu linaongeza. Ukipata kikohozi au mluzi kifuani ndani ya dakika chache za kuendesha au baada tu ya kumaliza, au kifua kubana, usijitibu kwa skafu. Nenda kituo cha afya, au Hospitali ya Benjamin Mkapa ukipewa rufaa, ueleze kwamba hutokea ukifanya mazoezi kwenye baridi. Hayo maneno yatamsaidia daktari. Kama una selimundu, au kuna wenye selimundu katika familia yenu na hujawahi kupima, ongea na daktari kabla ya kuendelea na alfajiri hizi, kwa sababu kupoa na kukosa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Na mwenzenu yeyote akianza kutetemeka bila kuweza kujizuia, akaongea maneno ya kuburuza au akayumba barabarani, mwondoeni kwenye baiskeli palepale, mvueni kilicholowa, mfunikeni kwa nguo kavu, mpeni chai ya moto kama anaweza kumeza vizuri, na mpigieni simu mwenye gari.